Vidole Vitatu vya Upepo

Mafundi cherehani wa Doornfontein, mjini Johannesburg, wako wa kila namna, na wengi wao ni waongo. Mtu atakuambia njoo Jumatano. Jumatano ukienda uzi umekwisha, Alhamisi mashine imekorofisha, na Ijumaa unapishana barabarani na mtu usiyemjua kavaa suruali yako. Tabia binti Selemani hayumo katika kundi hilo. Akisema Jumatano ni Jumatano, na nguo utaipenda, hata kama kitambaa ulichompelekea hakikutosha kumvisha paka.

Hilo la kitambaa pungufu ndilo lililomjengea jina, na ndilo nusura limuumbue akiwa na miaka hamsini na minane, kwa hiyo lazima lielezwe vizuri.

Alizaliwa Tanga, Ngamiani, kwa Bi Duni, mwanamke aliyelea watoto watano kwa kushona kofia za viua. Kofia ya viua, kwa asiyeijua, ni ile nyeupe iliyojaa vitundu vidogovidogo, kila kitundu kimezungushiwa uzi kwa mkono, ili kichwa cha mwenye kofia kipumue. Tabia alianza kuzungushia vitundu akiwa na miaka saba. Pamoja na kazi ya mkono, Bi Duni alimfunza na adabu yake. "Mteja akikuletea kitambaa pungufu," alimwambia, "usimwambie kimepungua. Kapima vibaya, au ndicho alichomudu. Ukimwambia umemvua nguo kabla hujamshonea. Ongeza chako, mshone, atoke kapendeza, na asijue. Fundi ni sitara ya watu."

Tabia alivuka mipaka na sitara hiyo. Aliolewa na Mzwakhe, kijana wa Soweto aliyekuwa uhamishoni Morogoro, na nchi yao ilipofunguka akaja naye Johannesburg na begi moja na cherehani moja. Wakapata nyumba Kensington, wakazaa watoto wawili wanaoelewa kila neno la Kiswahili, hasa wakisengenywa, na wanaojibu kwa Kizulu. Akapanga chumba Doornfontein, ghorofa ya pili, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikata roho kabla yeye hajafika na haijazikwa mpaka leo. Humo akawasitiri watu kwa miaka thelathini na ushei. Arlène, bibi harusi wa Kirundi, alileta lesi iliyopungua nusu mita. Akaolewa na gauni la kuburura sakafuni, na mpaka leo anajiona bingwa wa kupima. Wapo pia wanaume kadhaa mjini humu wanaodhani hawajanenepa, kumbe ni Tabia anayewaachia mishono kila mwaka.

Basi siku moja akaingia kijana mrefu, mwembamba, miwani yake imefungwa waya kwenye sikio. Alikuwa Cédric, Mkongo wa Lubumbashi, msomi wa uhandisi aliyekuwa akimalizia udaktari wake chuo kikuu, huko Braamfontein. Alitaka kofia ya kumzawadia rafiki yake Mtanzania aliyekuwa anaoa. Badala ya kuijaribu kichwani kama watu, aliigeuza ndani nje, akaisogeza dirishani, akaanza kuhesabu.

"Mama, hizi vitundu ziko ngapi?"

"Mia sita na kitu."

"Na zote ziko sawasawa."

"Ulitaka viwe vipi, mwanangu?"

Cédric akavua miwani. "Mama, unaweza kushona parachuti?"

"Ya nani?"

"Ya chombo ya kupeleka mutu kule juu. Angani."

Tabia alimtazama vizuri. Kisha akampa andazi, maana njaa ikizidi humfanya mtu aseme mengi.

Kumbe hakuwa na njaa. Alikuwa na wenzake tisa kwenye ghala moja nyuma ya reli, watu waliojikusanya bila serikali wala jeshi, wakijenga kwa mikono yao chombo cha kumpeleka mtu mmoja mpaka pale mbingu inapokuwa nyeusi mchana, na kumrudisha salama. Kampuni yao ilikuwa na jina refu la Kiingereza ambalo Tabia hakuwahi kulishika. Kwake walikuwa Watu wa Chombo, basi. Mkuu wao aliitwa Hennie, mzungu wa Pretoria mwenye ndevu nyekundu na maneno machache.

Siku Cédric alipompeleka kukiona, Tabia alitegemea kitu cha kutisha. Akakuta kitu kama birika kubwa lisilo na mkono. Akakizunguka mara mbili, akakigonga kwa kidole.

"Kupanda haiko kazi, Mama," Cédric alimwambia. "Kazi iko kusimama sawa."

"Hata watoto ndivyo walivyo," Tabia akasema.

Maelezo yenyewe aliyaelewa upesi kuliko walivyodhani. Chombo kikishuka hakina mabawa, wala barabara ya kushika. Kwanza kinashikiliwa wima na midomo minne ya gesi iliyoko ubavuni, kompyuta ikipuliza huku na kupuliza kule. Gesi ikiisha inafunguka parachuti ndogo, na kazi yake si kupunguza mwendo tu, ni kukizuia chombo kisipepesuke mpaka ile kubwa ifunguke. Kikipepesuka, kamba za parachuti kubwa zitajisokota, na aliyemo ndani atarushwa kama punje kwenye ungo.

Wa kukaa humo ndani alikuwa Lerato, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mfupi, mcheshi, aliyekuwa rubani wa ndege za kunyunyizia dawa mashamba ya mahindi Free State. Alimkumbatia Tabia kana kwamba ni shangazi yake, wakaongea Kizulu.

"Mama yako anajua?" Tabia akamuuliza.

"Anajua, Ma. Hasemi na mimi wiki ya pili sasa."

"Afadhali. Angekuwa anacheka ningempigia simu mwenyewe."

Toka siku hiyo Tabia hakuwa akimshonea Cédric wala Hennie. Alikuwa akimshonea Lerato, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kazi ilikuja kwenye masanduku matatu, na mchoro wa Cédric juu yake. Ilikuwa ile parachuti ndogo, nayo ilikuwa na vipande ishirini na vinne, vimepangwa kama vya chungwa, na kila kipande kilikuwa na mikanda ya nailoni ya kushonwa mmoja juu ya mwingine, toka ukingoni mpaka karibu na kilele. Mikanda ilikuwa imekwisha katwa na mashine. Tabia alisukuma meza zote ukutani, akatandika kipande cha kwanza sakafuni kwa kufuata mchoro, akapiga magoti, akatazama. Kati ya mkanda na mkanda palibaki mwanya. Akapima kwa mkono wake: vidole vitatu. Akatandika cha pili: vidole vitatu. Akaendelea mpaka cha saba, na hapo, katikati, akakuta mwanya wa vidole vinne.

Akakaa kitako. "Masikini mtoto wa watu," akasema peke yake. "Kapima vibaya."

Lau angekuwa fundi mwingine wa Doornfontein angepiga simu, na mambo yangekwisha siku hiyohiyo. Tabia hakupiga. Aliona yote kwa mara moja, na karibu yote aliyoyaona yalikuwa makosa: kijana mgeni, yuko mbele ya wakubwa zake, kakata mikanda yote pungufu, na kwenye cha saba kapungukiwa zaidi. Na Lerato kule juu ananing'inia kwenye chekeche! Kama si yeye Tabia, nani wa kuwasitiri hawa? Masanduku yalikuwa na mabaki mengi ya nailoni ileile, rangi ileile. Akayakata membamba, akauongezea kila mkanda pindo kwa chini, kwa mshono ambao hata wewe ukipitisha kidole usingeupata, mpaka kila mwanya ukabaki kidole kimoja na nusu, na ule wa kipande cha saba ukalingana na wenzake. Siku kumi na moja. Aliimba muda wote.

Cédric alipokuja kuichukua alipima urefu, akapima upana, akahesabu mikanda, akavuta mishono kwa mizani ya ndoano. Vyote barabara. Mianya hakuipima, maana nani hupima pasipo kitu? Parachuti iliyokunjwa haina mianya, na iliyoko hewani haikai ikapimwa. Uzito tu ndio ulizidi, kilo moja na robo.

"Uzi ya Mama iko munene," akasema, akaandika hivyo kwenye fomu. Tabia akatabasamu akiinamia cherehani yake.

Walikwenda kukijaribu Karoo, kwenye nchi kavu isiyo na mtu wa kuangukiwa. Ndani waliweka mifuko ya mchanga yenye uzito wa Lerato, wakakiangusha kutoka kwenye ndege ya mizigo. Parachuti ilifunguka kwa kishindo, haikukatika hata uzi mmoja, na chombo kikaanza kuyumba, kushoto, kulia, kila mara zaidi ya mara iliyopita, mpaka kikatua kwa ubavu. Wakarudi ghalani. Wakatafuta kosa kwenye kompyuta, wakatafuta kwenye gesi, wakahamisha betri ili uzito ukae chini zaidi, wakakiangusha tena. Kikayumba vilevile. Hayo yalichukua wiki tano, na Tabia hakuambiwa, kwani nani huenda kumsimulia fundi cherehani habari za betri?

Aliambiwa mchana mmoja wa Jumanne, Cédric alipopanda ngazi polepole na kukaa kwenye kigoda cha wateja bila kuvua begi.

"Mama, mi nakuya kusema aksanti na kwaheri."

"Kwaheri ya wapi?"

"Kesho saa tatu kuko mukutano. Wataondosha parachuti yangu, wataagiza ingine ya ng'ambo, na mi wataniondosha kwa kazi ya chombo." Akafuta miwani kwa shati. "Chombo inayumba, Mama. Hesabu yangu ilisema itayumba digri tano. Inayumba makumi tatu na zaidi. Kazi yako haina mubaya, mishono yako hata Hennie anaisifu. Hesabu yangu tu ndiyo ilidanganya. Nilitumaini upepo utapita."

"Upite wapi?"

"Mu mianya. Vidole tatu kila pahali. Parachuti yenye kufungwa sana, upepo inajaa mule, inakosa njia. Inatoka kwa nguvu pembeni huku, inatoka pembeni kule, na inasukuma chombo. Ukiipatia njia katikati, inatulia. Ile mianya ndiyo usukani, Mama."

Sindano ya Tabia ilikuwa nusu ndani ya kofia. Ilibaki hapohapo.

Angeweza kusema palepale, na hakusema. Alimpikia chai, akampa maandazi manne, akamwambia Mungu ni mkubwa, akamsindikiza mpaka kwenye ngazi. Kisha akarudi, akafunga mlango, akakitazama kiganja chake kilichopima vile vidole vitatu, akatamani kukichapa.

Bibi mzima wa kofia za viua! Aliyetoboa vitundu tangu utotoni ili vichwa vya watu vipumue, ndiye aliyeiziba pumzi parachuti ya watu. Aibu ilimpanda toka nyayoni. Na nyuma ya aibu ilikuwapo hofu, kwa sababu kwa miaka yote hiyo hakuna nguo iliyowahi kurudishwa kwake. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Parachuti itatupwa kabatini, na jina lake litabaki safi. Atakayeharibikiwa ni yule kijana tu.

Alifunga duka saa tisa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku ya kazi, akapanda basi kwenda Kensington. Mzwakhe alikuwa uani akimwagilia spinachi. Kiswahili chake alijifunza Morogoro, na bado kinatembea na viatu vya Kizulu. Tabia akamweleza yote, toka vidole vitatu mpaka maandazi manne. Mzwakhe akasikiliza hadi mwisho, akafunga bomba, akacheka mpaka akashika uzio.

"Hawu, Tabia! Umeitia roketi kiraka!"

"Si jambo la kuchekwa hilo."

"Ni la kuchekwa leo, na kesho ni la kusemwa." Akafuta machozi kwa mgongo wa mkono. "Unakumbuka suruali yangu ya ndoa?"

"Imefanya nini?"

"Kitambaa nilinunua mimi. Kilipungua. Nilijua kabisa kimepungua, na suruali ikatoka ndefu. Miaka thelathini na tano nimenyamaza, ili usijue kwamba najua." Akamshika bega. "Mke wangu, mficha uchi hazai. Nenda ukaseme."

Tabia alimkata jicho, kisha akacheka, kisha akalia kidogo, kisha akamwambia amwagilie na bamia. Miaka thelathini na tano! Akajiuliza ni wangapi wengine waliovaa nguo zake wakijua, wakamsitiri yeye aliyedhani anawasitiri wao.

Kesho yake saa tatu kasoro robo alikuwa ghalani, kajitanda mtandio wake mzuri, mkononi ana mfuko wenye nyembe mpya na mto wa kupigia magoti. Watu wa Chombo walikuwa wamekwisha kaa mezani. Cédric alikaa pembeni, kichwa chini. Hennie akanyanyuka kumpa Tabia kiti.

"Sikuja kukaa," Tabia akasema, kwa Kiingereza chake cha dukani, kilichouza kofia miaka yote hiyo. "Leteni parachuti muitandaze."

Wakaitandaza. Akapiga magoti, akaingiza vidole kwenye mwanya uliokuwa karibu naye. Cha kwanza kiliingia, cha pili kikakwama.

"Huyu kijana alichora vitatu. Mimi nikaona kakosea, nikamsitiri. Nimeongeza kitambaa parachuti nzima. Hesabu yake haikudanganya. Kosa ni langu."

Mmoja wao akaleta rula, akapima, akapima tena, akamtazama Cédric, ambaye alikuwa amekwisha simama.

"Kilo moja na robo," Cédric akasema polepole. Kisha akaurukia ubao. Aliandika namba, akafuta kwa kiganja, akaandika nyingine, na mwisho akapiga mstari chini ya jibu mpaka kalamu ikapiga kelele. "Makumi tatu na mbili! Ukiweka mianya ya Mama, hesabu inatoa makumi tatu na mbili! Ilikuwa sawa! Yote ilikuwa sawa!" Na akacheza. Alicheza kwa mabega na kwa kiuno kuizunguka parachuti, na wenzake wawili wakaingia nyuma yake.

Hennie hakucheza. Alichuchumaa mbele ya Tabia. "Kwa nini hukutuuliza?"

"Kwetu mteja haulizwi kwa nini kitambaa chake kimepungua. Anashonewa."

Hennie akavuta ndevu. "Wiki tano," akasema.

"Najua, baba. Nisameheni."

"Unaweza kufumua?"

"Nyembe ninazo."

Alifumua siku nne, palepale ghalani, wembe ukipita katikati ya nyuzi bila kuigusa nailoni. Lerato alikuja kila siku kuokota nyuzi na kuzitia kwenye kopo.

"Ma, ulitaka kunifunika nisishikwe na baridi?"

"Nilikuona umo kwenye chekeche, mwanangu. Roho ikaniuma."

Lerato akacheka, akambusu shavuni. Kule ubaoni Cédric alikuwa akimwonyesha Hennie mahesabu yake, na Hennie, kwa mara ya kwanza tangu chombo kianze kuyumba, alikuwa akitikisa kichwa kwa kukubali. Ghala lilikuwa limerudiwa na furaha yake.

Siku ya nne Tabia akafika kipande cha saba, cha mwisho kilichobaki kwa jinsi parachuti ilivyotandazwa. Akalitoa pindo lake, na ule mwanya wa vidole vinne ukarudi. Alikuwa ameusahau kabisa. Akapima wa kushoto: vitatu. Wa kulia: vitatu. Akatambaa mpaka kipande kinachokikabili upande wa pili: vitatu. Akaufungua mchoro. Mchoro nao ulisema hivyohivyo, pana hapo, kwingine kote sawa. Labda walikusudia, akajiambia. Ameshaadhirika mara moja kwa kujifanya anajua kuliko wenye kazi. Lakini mkono ulioshona miaka hamsini haukukubali. Kitu cha duara hakiwi na mwanya mmoja mkubwa upande mmoja. Hili lilikuwa kosa, kosa la kweli, na mwenyewe alikuwa kule ubaoni akichekeshana na mkuu wake.

Akatazama chini, akaona kwamba mkono wa kulia umekwisha kata kiraka. Chembamba, upana wa kidole kimoja. Dakika kumi tu, na hakuna ambaye angejua, na safari hii kingekuwa kimekaa mahali pake.

Kukiri kosa lake mwenyewe kulimuuma, lakini hata Bi Duni angemruhusu. Kumvua mwenziwe mbele ya watu, tena wiki hiihii aliyorudishiwa heshima yake, hilo Tabia hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Alikishika kile kiraka. Akamtazama Lerato, ambaye alikuwa amekaa sakafuni na kopo lake, akiimba chini kwa chini.

"Cédric!" Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, ghala zima likageuka. "Njoo, mwanangu. Hapa umekosea."

Cédric alikuja akitabasamu. Alipofika tabasamu lilikuwa limepungua. Akapima, akachukua mchoro, akaenda kwenye kompyuta na kukaa huko kwa muda ambao Tabia aliuona kama mfungo mzima. Aliporudi masikio yalikuwa yamemwiva.

"Iko namba ya muchoro ya zamani," akamwambia. "Niliibadilisha pahali pote. Hapa nikasahau." Kisha akamgeukia Hennie, akalirudia kwa Kiingereza, wazi, bila kutafuna. Upepo ungevuja upande mmoja. Chombo kisingeyumba, kingekimbia pembeni mita mia tatu au mia nne, na pembeni ya uwanja wao wa Karoo ni mawe matupu.

Tabia alikaa akingoja dunia imwangukie. Hennie akamtazama Cédric, akamtazama yeye, akavua kofia, akajikuna.

"Nani mwingine ana kosa la kutuambia?" akauliza. "Aseme leo, Mama Tabia yupo."

Kwanza kicheko, kisha mkono mmoja ukapanda. Mwenye mkono alikuwa amekaza skrubu za mlango kwa kukadiria. Wa pili alikiri habari ya waya ambao alikuwa akijiambia kila siku kwamba hauna neno. Wa tatu alikiri kwamba ndiye anayekula biskuti za Hennie. Mpaka jioni walikuwa na orodha ya mambo kumi na moja, na hakuna aliyefukuzwa.

Cédric alimsindikiza Tabia mpaka mlangoni.

"Umeudhika?" Tabia akamuuliza.

"Nimeuzika sana, Mama." Akavua miwani, akaivaa tena. "Na aksanti sana."

Walikiangusha chombo na mchanga wake. Kikayumba digri nne. Wakakiangusha tena, nne. Ndipo Hennie akasema sasa kiangushwe na mtu ndani, kabla ya safari yenyewe ya angani.

Asubuhi hiyo Tabia na Mzwakhe walikuwa Karoo, kwenye viti vya kukunja, na chupa ya chai katikati. Ndege ilikuwa mbali sana juu, haionekani, inasikika tu. Kisha kitone cheusi kikajitenga. Parachuti ndogo ikafunguka juu yake, na safari hii haikupiga kishindo, ilifunguka kama mtu anayevuta pumzi. Chombo kikaenda kushoto. Tabia akaushika mkono wa Mzwakhe. Kikarudi kulia, kidogo. Kikaenda kushoto tena, kidogo zaidi. Kisha kikasimama. Kikashuka wima, kimetulia, na mwanga wa asubuhi ulionekana ukipita kwenye kila mwanya, pande zote sawasawa. Alikuwa akisema Alhamdulillahi kwa sauti na hakujua. Mzwakhe alikuwa akisema mkono wangu, Tabia, unaniumiza mkono, na hilo nalo hakulisikia.

Parachuti kubwa ikafunguka, vumbi likapanda, na kila mtu akakimbia. Mlango ulifunguliwa na Lerato akatoka kwa miguu yake, akatembea hatua ishirini mchangani bila kuyumba hata moja. Kabla ya lolote akaomba simu. Mama yake alipokea kabla haijaita mara mbili. Alimtukana, akalia, akapiga vigelegele mpaka wote waliosimama pale wakavisikia. Cédric alikuwa kapiga magoti ardhini, miwani mkononi, analia waziwazi, na Hennie alikuwa amemshika kichwa kama anavyoshikwa mtoto wa nyumbani.

Ndipo Lerato akamjia Tabia, vumbi kope zote.

"Ma, sema. Kuna kosa lolote umeliona?"

Hennie akatoa kalamu mfukoni. Tabia akamtazama Lerato toka utosini mpaka kwenye viatu, bila haraka, akamzunguka nyuma, akarudi mbele.

"Lipo," akasema mbele yao wote. "Hiyo ovaroli imekupwaya mabegani, na aliyeikata kiunoni hakukupenda. Kitambaa kilimpungukia akakaa kimya."

Lerato akacheka mpaka akajikunja, kisha akasimama wima katikati ya vumbi na kunyoosha mikono yote miwili. Tabia akatoa futi mkobani, akaanza kumpima.